Mgongo wa Sahani

Mama mkwe wangu, Verna Bloor, hakuwahi kula kwenye sahani ambayo hajauona mgongo wake. Umkaribishe nyumbani, umpeleke hotelini, umwite kwenye matanga, atasalimia kila mtu kwa heshima zote, atakaa, kisha ataigeuza sahani asome muhuri wa kiwanda ulio chini. Kama chakula kimeshapakuliwa, kwake halikuwa neno. Aliinyanyua juu ya kichwa, imelala sawasawa, akachungulia kwa chini kama fundi anayekagua paa linalovuja. Nimemwona akifanya hivyo na sahani ya supu ya kuku na hakumwaga tone. Kwingine wangemwita mwendawazimu. Hapa East Liverpool, jimboni Ohio, meza nzima ilimngoja amalize, kisha wakamuuliza, "Ya nani?"

Maana wote wana ugonjwa huohuo. Mimi mwenyewe niliuambukizwa, na mimi ni binti wa daktari wa meno wa kule Erie, niliyelelewa nisiguse chombo cha mtu bila ruhusa. Lakini kaa na mwizi utaiba, na kaa na mfinyanzi utageuza sahani. Zaidi ya miaka hamsini nimeishi kwenye kilima hiki juu ya mto Ohio, na sijaona mwenyeji anayekula kwanza na kuangalia baadaye.

Mji wenyewe ni udongo mtupu. Zamani za mababu, mfinyanzi mmoja wa Kiingereza alishuka kwenye mashua ya moshi, akafinya udongo wa kilimani kwa vidole, akaona ni mzuri. Akawaita ndugu zake, ndugu wakawaita shemeji zao, na shemeji, kama unavyojua, hawana desturi ya kuja peke yao. Baada ya muda tanuri zilijaa ukingoni mwa mto zikiwa na maumbo ya chupa, zikitoa moshi usiku na mchana, na mwanamke akianika shuka nyeupe asubuhi aliianua ya kijivu jioni. Hakuna aliyelalamika. Moshi ulikuwa chakula. Watu wa hapa walijisifu kwamba nusu ya Marekani inakula kwenye sahani zao, na hiyo nusu nyingine inakula kwenye mbao.

Vyombo vilivyopasuka walivitupa mtoni. Mpaka leo ukishuka ukingoni unakanyaga vigae: vishikio vya vikombe, midomo ya birika, vipande vya maua ya waridi. Watoto wa hapa hujifunza kuvaa viatu kabla ya kujifunza kusali.

Mama yake Verna aliitwa Hester Cartlidge, na alikuwa mchora mistari katika kiwanda cha Hebbard. Kazi ya mchora mistari ni hii: sahani imekwisha kuchomwa na inang'aa, unaiweka juu ya kigurudumu, unakizungusha kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unashika brashi yenye dhahabu ya maji. Brashi haitembei, sahani ndiyo inayotembea. Dhahabu yenyewe ukiipaka ni ya kahawia, inafanana na sukari guru iliyoyeyuka, haivutii hata inzi. Ikipita motoni ndipo inapotoka iking'aa. Unapochora hupumui. Na pale mstari unapokutana na mwanzo wake, pasionekane kitu. Watu walikuwa wakishindana kutafuta mwanzo wa mstari wa Hester, wakashindwa.

Kila mchoraji aliweka alama yake ndogo nyuma ya sahani, ili ijulikane kazi ni ya nani. Alama ya Hester ilikuwa vitone viwili na mkia.

Alikufa kwa homa kubwa ya mafua ya mwaka elfu moja mia tisa kumi na nane, Verna akiwa na miaka minne. Verna hakukumbuka sura yake. Alichokumbuka ni harufu ya mafuta ya dhahabu kwenye mikono inayomvika kofia, basi. Mengine aliyapata kwa baba yake, mzee Enoch, mpanga vyombo tanurini, mtu wa maneno machache ambaye akilewa kidogo siku ya sikukuu alimwambia, "Wewe ulikuwa mkorofi tangu tumboni. Mama yako alikaa kwenye kigurudumu mpaka tumbo likagusa meza, na wewe unampiga mateke kama punda. Alikuwa akisema, 'Enoch, huyu atanifukuzisha kazi.'"

Sasa utauliza, binti wa mchora dhahabu anakosaje sahani moja ya mama yake? Anakosa vizuri sana. Nyumba za wafinyanzi zilijaa vyombo vya kasoro, vilivyopinda, vyenye chunusi, na chombo cha kasoro hakipakwi dhahabu. Dhahabu iliwekwa juu ya kizuri tu, na kizuri kilipanda treni kikaenda kwa wenyewe. Hata vitambaa vya kufutia brashi wakubwa walivikusanya wakavichoma ili wapate ile dhahabu kidogo iliyonasa. Verna alikuwa akisema, "Mzee Hebbard angeweza kutunyoa nywele akazichome, angetunyoa."

Enoch alikuwa na kikombe kimoja tu chenye vitone viwili na mkia, kilichotoka kiwandani kwa njia ambayo hakupenda kuulizwa. Verna alikua akikitazama juu ya kabati. Mwaka wa thelathini na sita mto ulipanda, ukaingia mitaa ya chini, ukaingia jikoni kwa Enoch bila kubisha hodi, ukaondoka na kabati zima. Verna alikuwa mwanamke mzima wakati huo, mchora mistari naye, katika chumba kilekile alichokaa mama yake. Watu walimkuta amesimama kwenye matope analia. Kisha akapangusa uso akasema, "Haya. Mto nao una haki ya kunywa chai kwenye kikombe kizuri."

Ndivyo alivyokuwa. Lakini tangu siku hiyo kugeuza sahani kwake hakukuwa mazoea tu kama kwa wengine. Sahani za mama yake ziliendelea kutumika mahali fulani katika nchi hii kubwa, naye alitaka kuiona moja kabla hajafa. Mumewe, Dewey, alijua. Mwanawe, Russell, alijua. Na mimi nilikuja kujua kwa njia ya aibu kuliko zote.

Russell nilikutana naye chuoni. Majira ya kuchipua ya mwaka hamsini na saba alinileta kumwona mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono mizuri kuliko mikono yote niliyowahi kuona, na vidole havikutetemeka hata alipocheka, ingawa mwili wote uliobaki ulitetemeka. Alinikumbatia mlangoni akaniangalia juu hadi chini.

"Karibu, mwanangu. Mambo ya baba yako anafanya kazi gani tutaulizana baadaye. Kwenu mnakula kwenye sahani za nani?"

Nikafikiri ni mzaha. "Za Ufaransa," nikasema. "Mama anasema ni za Ufaransa. Bibi alizawadiwa siku ya harusi."

"Mama anasema." Aliyatafuna maneno yale. "Wewe umeziangalia mgongo?"

"Hapana."

"Umekuwa msichana mkubwa hivi unakula kwenye kitu usichokijua mgongo!" Akamgeukia Russell. "Huyu mtoto ni mzuri, nimempenda, lakini amelelewa gizani."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sikujua kwamba baada ya miezi miwili tu nitatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulichumbiana, na mama yangu akasema wazazi wa kijana waje Erie kwa chakula cha mchana cha Jumapili. Mama yangu, Eudora Whitlock, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwema aliyeuficha wema wake mahali pa mbali asije mtu akaupata. Kusikia binti yake anaolewa na mtoto wa wafanyakazi wa kiwanda kulimkata maini. Hakusema hapana. Alisema, "Tutawaona," na mtu aliyemjua mama yangu alijua kwamba neno hilo ni rungu.

Njiani kutoka East Liverpool, Russell alikuwa akimlisha mama yake kiapo. Dewey ndiye aliyeniambia baadaye.

"Mama, leo hakuna kugeuza."

"Sigeuzi."

"Wala kunyanyua."

"Russell, mimi ni mama yako au ni mwizi wa vyombo?"

"Mama, nakuomba. Hawa watu hawatuelewi. Siku moja tu. Apa."

"Haya, naapa."

Dewey, akiwa kwenye usukani, hakugeuka. "Mwanangu, mbuzi humwambii asitazame majani."

"Wewe endesha gari," Verna akasema.

Kwetu nako kulikuwa na vita vyake. Mama alitoa sahani za Ufaransa, sita kati ya zile kumi na mbili, nyeupe, zenye mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni. Moja kati yake ilikuwa na kasoro. Mahali fulani mstari uliruka, ukapanda kama kilima kidogo, ukashuka, ukaendelea na safari yake. Ungeweza kula kwenye sahani hiyo miaka kumi usiione, lakini mama aliijua, na alikuwa na mahali pa kuiweka. Aliiweka mbele ya mgeni asiyemhesabu. Wakusanya michango ya kanisa walikula kwenye ile sahani. Mwalimu wangu wa piano alikula kwenye ile sahani.

Nikaona anaiweka mahali pa Verna.

"Mama, hapana," nikasema. "Hiyo weka kwangu."

"Marlene, panga uma."

"Ni mama wa Russell!"

"Kwani ataona?" mama akasema. "Watu wale wataona nyama."

Nilikasirika. Nilinyoosha mkono niibadilishe, nikapigwa kofi la vidoleni nikiwa mchumba wa mtu. Kabla sijajibu kengele ya mlango ililia.

Wakaketi. Dewey alifunga tai iliyomkaba kama jogoo wa sokoni. Baba yangu akakata nyama ya ng'ombe ya kuoka, mama akapakua viazi vya kupondwa, njegere, na mchuzi mzito wa kahawia. Verna aliweka mikono mapajani. Namna alivyoibana ungedhani ameambiwa ikitoka tu itapigwa risasi.

"Sahani hizi," mama akaanza, "hatuzitoi ila Krismasi, na kwa wageni wa heshima. Zimetoka Ufaransa."

"Ni nzuri," Verna akasema. Russell akashusha pumzi.

Tukala. Maongezi yalikwenda kwa kujikokota, hali ya hewa, barabara, hali ya hewa tena. Nikamwona Verna anatazama ukingo wa sahani yake. Akaacha kutafuna. Kidole gumba kikatoka mapajani chenyewe, kikaanza kutembea polepole juu ya mstari wa dhahabu, kikazunguka, kikazunguka, kikafika mahali kikasimama. Rangi ikamtoka usoni.

"Dewey," akasema kwa sauti ndogo.

"Uliapa, Verna."

"Dewey, tazama wembamba wake."

"Mama," Russell akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Nisamehe, mwanangu," Verna akasema, na akainyanyua sahani.

Aliipandisha na kila kilichokuwa juu yake, nyama, viazi, njegere na ziwa la mchuzi, imelala sawa kabisa, mpaka juu ya kichwa. Mama yangu alibaki na uma hewani. Verna akainua uso akachungulia. Na ule mkono, mkono ambao ulikuwa umechora mistari tangu usichana wake pasipo kuyumba, ukaanza kutetemeka.

Mchuzi ulimwangukia baba mapajani. Njegere zilikimbilia kila upande, nyingine zikaingia kwenye glasi ya mama. Tonge la viazi lilitua begani kwa Dewey, naye hakuliondoa.

"Ni mama," Verna akasema.

"Mama yupi?" mama yangu akapiga kelele. "Bwana Bloor, mkeo ana nini?"

"Ni mama yangu. Vitone viwili na mkia. Dewey, ni mama!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na sahani tupu ameikumbatia kifuani, mchuzi unamchuruzika kwenye gauni lake la kanisani.

"Hizo sahani ni za Ufaransa!" mama akasema.

Verna akajifuta macho kwa mkono wenye mchuzi, akawa na masharubu. "Ufaransa ya Mtaa wa Sita, dada yangu. Nyuma ya duka la nyama."

Baba yangu alikuwa mtu wa kutabasamu mara moja kwa mwaka, siku ya kulipa kodi. Alitazama suruali yake, akamtazama mama, akaanza kucheka kicheko ambacho hatukujua anacho, cha mwanamume mnene kuliko yeye. Dewey akajiunga naye. Russell alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha meza.

Ikabidi wafafanue. Dewey akaeleza kwamba siku zile Wamarekani hawakuamini vyombo vya kwao, kwa hiyo mzee Hebbard alichora taji mgongoni mwa sahani na kuweka jina la Kifaransa chini yake, na wanunuzi wakaridhika. Verna akaeleza juu ya Hester, juu ya homa, juu ya kikombe na mto. Alieleza taratibu, bila kujionea huruma, na alipofika kwenye kikombe nilijikuta nimemshika mkono.

Mama yangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akamwaga chakula chake chote kwenye bakuli la viazi, akaigeuza sahani yake, akavaa miwani. "Hii ina nukta tatu," akasema.

"Huyo ni Maud Pugh," Verna akasema. "Mzuri, lakini alikuwa na haraka."

Basi sote tukamwaga vyakula, tukageuza. Baba akaenda kabatini akaleta zilizobaki. Tukawa kama watoto wanaotafuta mayai ya Pasaka. "Ya nani hii?" "Tena Maud!" "Hii je?" Tukapata mbili nyingine za Hester, na kila moja Verna aliipiga busu mgongoni. Mistari ya zile mbili hata yeye hakuona mwanzo wake. Aliutafuta kwa kucha, akashindwa, akafurahi kushindwa.

"Chukua hizi mbili," mama akasema, na sauti yake haikuwa ile aliyowapokea nayo mlangoni. "Chukua hizi nzuri. Hiyo uliyokuwa nayo…" Akatazama pembeni. Nikajua dhamiri inamchoma. "Hiyo ina kasoro. Mstari umeruka. Nilijua wakati naiweka."

Russell akainua uso. Verna naye alielewa, hakuwa mjinga. Mimi nilingoja rungu.

"Nimeuona," Verna akasema polepole. "Ndio ulionishtua. Mstari mwembamba namna hii ni wa mama tu, lakini mama hakuruka kamwe. Katika chumba kile cha wachora mistari wanakuapia mpaka leo, Hester hakuruka." Akaigeuza tena sahani, akasogeza miwani, akasoma namba ndogo iliyopigwa chini ya taji. Midomo ikawa inacheza. Namba zile huonyesha mwezi na mwaka, kila mtu wa mji wetu anazisoma. "Dewey. Soma hapa."

Dewey akasoma. "Februari, mwaka wa kumi na nne."

"Mimi nimezaliwa lini?"

"Aprili." Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

Verna akaiweka sahani katikati ya meza, dhahabu juu, akaweka kidole kwenye kile kilima kidogo. Kidole hakikutetemeka tena. Akaanza kucheka, taratibu, mwili mzima, machozi yakimwagika.

"Baba alisema nilikuwa nampiga mateke kwenye kigurudumu," akasema. "Hapa mama ameketi. Hapa ameshikilia pumzi. Na hapa," akagonga kile kilima kwa ukucha, "hapa ni mimi."

Mama yangu alisimama. Akaichukua ile sahani, akaenda nayo jikoni mwenyewe, na tukasikia maji. Mama yangu hakuwa akiosha vyombo Jumapili. Akarudi ameikausha, akaifunga kwenye kitambaa chake kizuri cha meza, ambacho kilikuwa kimeharibika hata hivyo, akamwekea Verna mikononi.

"Basi, dada," akasema. "Mchukue mama yako umpeleke nyumbani."

Verna aliipakata njia nzima mpaka nyumbani kando ya mto. Baadaye watu wa kanisani walimwambia aitundike ukutani, aiwekee kioo. Aliwaambia mama yake hakuichora ili itazamwe na nzi. Asubuhi ya kwanza tu baada ya safari ya Erie alikaanga mayai mawili, akayapakua, akaizungusha sahani mpaka kile kilima kikamwelekea yeye, akasema, "Umeamkaje, mama," na akala.